Pine ya Kupandia Ngungu

Muulize dereva wa Goma amejiandaaje kupanda Ngungu, kwenye vilima vya Masisi. Atakutajia injini, mazutu (dizeli) ya akiba kwenye jerikani, kamba ya kuvutia, na kama jipu lake linavuta kwa magurudumu yote manne. Pine, yaani tairi, atalikumbuka gari likiwa limeshalala mferejini juu ya Karuba, mvua inanyesha, na vijana wa kijijini wamesimama na majembe wakingoja bei ikubaliwe.

Gari zima hugusa ardhi kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikubwa kuliko kiganja cha mtu mzima kwa kiasi kidogo tu. Nguvu yote ya injini hupitia hapo, breki hupitia hapo, usukani hupitia hapo. Magurudumu manne ya kuvuta hayakusaidii kitu ikiwa mpira haushiki: yatazunguka yote manne badala ya mawili, basi.

Nawaandikia wenye majipu, pikapu na magari madogo wanaotoka Goma, wakapita Sake, Mushaki na Karuba hadi Ngungu, au wanaozungukia upande wa Minova na Numbi. Wenye malori ya Fuso wanisamehe, wao wana shule yao. Njia yetu ina tabia tatu kwa siku moja: lami mpaka Sake, kisha mawe meusi ya volkano, kisha udongo wa vilimani ambao jua likiwaka ni vumbi na mvua ikinyesha ni sabuni. Hakuna tairi linalopenda zote tatu. Kanuni yangu ni hii: nunua tairi kwa ajili ya kilomita iliyo mbaya kuliko zote, zile nzuri utazivumilia.

Anza kwa kusoma ubavuni

Kabla ya kuuliza bei, inama usome. Ukikuta 265/70 R16 112, namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, lakini si kwa milimita: ni asilimia ya ule upana. Asilimia 70 ya 265 ni milimita 185 na nusu, ndicho kimo cha mpira kutoka kwenye rimu hadi chini. R ni radiali, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ile 112 ndiyo watu wanaruka, na ndiyo inayobeba viazi vyako: ni namba ya mzigo, na maana yake tairi moja linabeba kilo 1120. Namba 104 ni kilo 900. Namba 91, unayoikuta kwenye magari madogo mengi, ni kilo 615.

Fanya hesabu kabla ya kupakia. Pikapu yenye matairi ya 104 nyuma ina ruhusa ya kilo 1800 kwenye ekseli ile, na humo ndani gari lenyewe likiwa tupu limeshachukua kilo mia kadhaa. Kinachobaki ni magunia kama 10 ya kilo 100. Ukiweka 16 kwa sababu soko la Goma limepanda, tairi halitakuambia lolote siku hiyo. Litakuambia siku nyingine, ukiteremka, likiwa na joto.

Matairi ya Land Cruiser za zamani zilizozoea milima hii huandikwa kwa namna nyingine: 7.50 R16. Hapo upana ni inchi 7 na nusu, sawa na milimita 190 hivi, na ubavu unakaribia kulingana na upana wenyewe. Ukilisimamisha tairi hilo karibu na lile la 265/70, utaona ajabu ndogo: jembamba kwa sentimita 7, lakini refu zaidi kwa sentimita 2 au 3 kutoka chini hadi juu. Lishike kichwani hilo, nitalirudia.

Upana: lenye sura nene si lenye nguvu

Vijana wa mjini wanapenda tairi pana. Gari linakaa kama fahali aliyetanua miguu, na siwezi kuwalaumu, linapendeza. Kwenye lami kavu hata lina faida: kipande kinachogusa barabara kinakuwa kipana na kifupi, gari linajibu usukani upesi na linakata kona bila kuyumba.

Ila watu hudhani tairi pana lina mguso mkubwa zaidi na ardhi. Kwa upepo ule ule na mzigo ule ule, ukubwa wa mguso haubadiliki sana. Chukua gurudumu lililobeba kilo 625 likiwa na upepo wa bar 2.5. Kila sentimita ya mraba inabeba takriban kilo 2 na nusu, kwa hiyo mguso ni kama sentimita za mraba 250, tairi liwe pana au jembamba. Kinachobadilika ni umbo. Pana huacha alama kama tofali lililolala kukingama njia. Jembamba huacha alama kama mtumbwi.

Na kwenye matope ya Masisi, mtumbwi ndio unaopita. Udongo wetu ukilowa hulainika juu, lakini mahali pengi chini yake pana sakafu iliyoshindiliwa na miaka ya malori. Tairi jembamba hukata ule ujiuji, likafika kwenye ngumu, likashika. Tairi pana hukaa juu yake kama mtu aliyepanda ganda la ndizi, na likisonga hulazimika kusukuma ukuta wa tope mbele yake. Waendeshaji wa mashindano wanalijua hili: kwenye Rally Sweden, juu ya theluji, hutumia matairi membamba yenye misumari ili yachimbe hadi kwenye kigumu, ilhali magari yao yana nguvu ya kuzungusha tairi lolote wanalotaka.

Kuna mahali kanuni hii inageuka. Kwenye mchanga, au kwenye tope lisilo na sakafu, jembamba litachimba kaburi lake lenyewe hadi ekseli ilale. Hapo unataka kuelea, si kukata, na nitaeleza chini namna ya kulifanya tairi lako jembamba lielee kwa muda bila kununua jingine. Lakini kwa njia ya Karuba, nikilazimika kuchagua, ni jembamba na refu. Urefu ule unainua tumbo la gari, na wembamba unapita ndani ya nyayo za malori bila mashavu kusuguana na kingo zenye mawe.

Lami iliyojaa maji nayo humuadhibu mwenye matairi mapana. Mvua kubwa ikipiga kati ya Goma na Sake, tairi pana lina maji mengi zaidi ya kuyasukuma pembeni. Likishindwa, linapanda juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi mikononi mwako kama wa gari la mtoto. Ukihisi wepesi huo, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, usikanyage breki.

Ubavu

Tairi lenye ubavu mfupi, tuseme 265/50 R20, lina milimita 132 tu za mpira kati ya rimu na jiwe. Linakupa usukani mkali, na linakupa rimu iliyopinda. Ubavu mrefu unajikunja, unalimeza jiwe, unaliachia, na chai ya abiria inabaki kikombeni. Gharama yake ni kuyumba kidogo kwenye kona. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kuyumba huko kunamuumiza nani?

Kinachouma ni michaniko. Michelin walipata hataza ya tairi la radiali mwaka 1946, na tangu hapo tairi limekuwa na mikanda ya chuma chini ya meno, lakini ubavuni limebaki na tabaka jembamba la nyuzi. Ndiyo sababu linajikunja vizuri, na ndiyo sababu msumari katikati ya meno ni pancha ya dakika 20 ilhali jiwe ubavuni ni mwisho wa tairi. Nasi tunakaa kwenye mawe yaliyozaliwa yakiwa makali. Yale meusi ya volkano ya Nyiragongo, yaliyomwagika ndani ya Goma mwaka 2002 na kufika tena kingoni mwa mji mwaka 2021, ukiyavunja yana makali kama chupa. Sehemu zenye mawe hayo usipite ukigusa kingo. Panda juu ya jiwe kwa meno, usilikwepe nusu ukalipa ubavu.

Fundi akikuambia atashona ubavu na kuweka kiraka ndani, mshukuru, umlipe soda, uondoke. Kiraka cha ubavuni kinafaa kulifikisha gari nyumbani kwa mwendo wa punda, si kubeba watu Jumatatu. Ukitafuta tairi la mawe, tafuta lenye herufi LT au C, au maandishi 8PR au 10PR. Kadiri namba ya PR inavyokuwa kubwa, ndivyo umbo la tairi lilivyojengwa kubeba mzigo na upepo mwingi. Gumu kukalia likiwa tupu, kweli. Lakini linarudi nyumbani.

Mpira: mahali nilipolipa ada

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua matairi manne ya mtumba yaliyotoka Ulaya. Meno marefu, mpira laini hata unauingiza ukucha, bei ya kuchekesha. Ubavuni palikuwa na mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Muuzaji akaniambia mlima ule ni alama ya milima kama yetu. Nilimwamini! Wiki za kwanza za mvua yalishika vizuri, nikawasifia wenzangu. Ukaja msimu wa jua. Mawe yakaanza kuyang'oa meno vipande vipande kama panya aliyetafuna mkate, na lami ya kwenda Sake ikamalizia. Miezi minne, yakawa vipara.

Mchoro ule kwa kawaida maana yake ni tairi la baridi. Mpira wake umechanganywa ubaki laini chini ya nyuzi joto 7, pale mpira wa kawaida unapokakamaa kama plastiki. Usiku wa Ngungu ni wa koti, lakini si wa barafu. Mpira huo kwetu ni laini mno mwaka mzima: unalika, unapata joto na mzigo, unang'oka na mawe. Ulaya wanayavua baridi ikiisha, na yakichoka mengine yanatufikia sisi. Ukiona chembe ya theluji ndani ya mlima, rudisha mkono mfukoni.

Mchanganyiko wa mpira daima ni biashara ya kupata hapa na kutoa pale. Laini hushika na kuisha. Gumu hudumu na kuteleza, hasa lami ikilowa. Masizi meusi yanayotiwa ndani yake ndiyo yanayolipa tairi rangi na ustahimilivu, na silika husaidia kushika penye maji. Matairi ya malori na ya njia mbaya hutiwa mpira wa asili kwa wingi kuliko ya magari madogo, kwa kuwa utomvu wa mti unastahimili kuchanika na haupati joto upesi. Utomvu huo nchi hii inaujua kwa damu. Dunlop alipopata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, Ulaya ikawa na kiu ya mpira, na ni babu zetu wa misitu ya Kongo ya Mfalme Leopold waliolazimishwa kuutoa. Nikipita mbele ya rundo la matairi mapya hilo hunijia mara nyingi, ila tuendelee.

Umri nao hubadilisha mpira. Tafuta ubavuni neno DOT, fuata mstari wake hadi tarakimu nne za mwisho. Ukisoma 2319, limetoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, ni la karne iliyopita, hata kama meno ni mapya. Watengenezaji wengi wanaweka mwisho wa tairi kwenye miaka 10, lenye meno au lisilo na meno, na mimi kwa kubeba abiria nimejiwekea 6. Wino mweusi wa dukani huficha nyufa: mwagia maji, sugua kwa kitambaa, likunje ubavu kwa goti, kisha tazama.

Meno

Alama za meno ni tatu. HT ni la lami: mifereji membamba, meno yamebanana, kimya. MT ni la tope: meno makubwa yametengana kama ya mamba. AT limekaa katikati. Ile nafasi kati ya meno ndiyo inayofanya kazi kwenye tope, kwa sababu tairi likijaa udongo linakuwa duara la udongo, na udongo haushiki udongo. Meno ya MT yakizungushwa kwa kasi kidogo hulitupa tope nje na kujisafisha. Kwa hiyo ukikwama, mpigo mfupi wa mafuta, ukiyumbisha usukani kushoto na kulia ili mashavu yaume kingo, ni bora kuliko kukanyaga hadi chini ukachimba shimo.

Lakini MT hilo hilo kwenye lami iliyolowa linasimama mbali. Mpira unaogusa ni mchache, na hauna vile vichanjo vidogo vinavyonyonya maji. Ukishuka kutoka vilimani na kukuta lami ya Sake imelowa, ongeza nafasi mbele yako mara mbili. Hukumu yangu: anayeishi huku juu na kushuka mara moja kwa mwezi, MT. Anayepanda na kushuka kila wiki, AT jembamba. HT libaki Goma.

Matairi yenye meno ya mkuki, kama herufi V, yana mshale ubavuni unaoonyesha yazungukie wapi. Fundi mwenye haraka huyafunga kinyume, na hapo badala ya kutupa tope nje yanalikusanya katikati. Zunguka gari mwenyewe uangalie mishale minne kabla ya kulipa.

Meno yakibaki milimita 1.6, sheria za nchi nyingi zinasema tairi limekufa, na ndani ya mifereji kuna vinundu vinavyoonyesha kipimo hicho. Kwa tope letu ni kuchelewa mno. Chini ya milimita 4 tayari unateleza. Njiti ya kiberiti inatosha kupimia: iingize, weka alama kwa ukucha, ilinganishe na rula ya mtoto wa shule. Na kuna mafundi wanaochonga meno upya kwa kisu cha moto. Baadhi ya matairi ya malori yametengenezwa na mpira wa ziada kwa kazi hiyo na yameandikwa hivyo ubavuni. La gari dogo halina. Kisu kinasimama karibu na chuma, maji yanaingia, chuma kinashika kutu, na kinachoonekana kuwa tairi jipya ni ganda.

Upepo, na mengine ya njiani

Nilisema nitaeleza namna ya kuelea. Punguza upepo. Ukishusha kutoka bar 2.5 hadi 1.5, mguso unarefuka na gari linatembea juu ya tope lisilo na sakafu. Masharti mawili: usizidi kilomita 30 kwa saa, na ujaze tena kabla ya mawe na kabla ya lami. Tairi lenye upepo mdogo, mzigo mzito na mwendo hujikunja mfululizo, linaiva kwa ndani, linapasuka. Asiye na pampu ndani ya gari asithubutu kupunguza. Wengine huogopa kwamba kimo cha milima kinavimbisha matairi. Ziwa Kivu liko mita 1460 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 500 kipimo kinaongezeka kama bar 0.05 tu, ilhali ubaridi wa huko juu unakirudisha chini. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, inatosha.

Jipu linalovuta muda wote kwa magurudumu manne lisifungwe matairi ya vimo tofauti. Magurudumu yatazunguka kwa hesabu tofauti na gia za kugawanya nguvu zitakula hasara hiyo kila kilomita. Na ukipata mawili mapya na mawili nusu, mapya yafunge nyuma. Watu hushangaa, lakini mbele ikiteleza unaihisi kwenye usukani ukapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza kwenye mteremko wa Karuba unajikuta unaangalia ulikotoka.

Beba ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, kwa maana tope linameza jeki kama uji. Mwenye 7.50 ya mpira wa ndani abebe mpira mmoja mzima wa akiba pamoja na viraka, na kama rimu ni ya pete, asiiguse pete kabla upepo haujaisha wote. Inaruka, na imeshaua watu. Anza safari mapema pia. Njia hii, kwa vita na vizuizi vyake, si mahali pa kubadilisha gurudumu baada ya jua kuzama.

Tairi lako likifika mwisho, usimuuzie dereva mwingine kwa bei ya huruma. Wapelekee wachongaji wa chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo: wanalikata mikanda na kuipigilia misumari kwenye magurudumu ya mbao, na linaendelea kuteremsha viazi miaka mingine.